Mulamula kabla kompyuta haijazimika

Jumanne jioni.

Kibingo nzima wanasema kompyuta ya ofisi ya ardhi itazimika wiki ijayo. Karani wa ofisi hiyo ananiambia, "Bibi, usihofu, shamba lako limo humo." Limo humo wapi? Migomba yangu iko hapa.

Kinachonikera ni jirani yangu Rwegasira. Mara tatu ameniuliza kama nina karatasi ya shamba. Ya nini kwake?

Leo nimepanda upya mpakani mulamula, mmea wetu wa kuonyesha mpaka, kama mama mkwe alivyofanya. Nikamwomba Rwegasira anichimbie mashimo, nikasingizia mgongo. Akachimba yote kumi na mawili, mkewe na mwenyekiti wa kitongoji wakitazama.

Alipoinuka akamwona mwenyekiti, ndipo akaelewa kuwa ameuchimba mpaka wangu kwa mkono wake mbele ya mashahidi. "Mama, umeniweza," akasema, akacheka.

Simwamini hata akicheka. Kesho asubuhi nitaihesabu miche yangu.