Muchi wa sombe

Carmel dada, uko? Soma hii sasa, nimetoka kuiona na macho yangu.

Edmond wa hapa Karuba ametoka kumupiga bibi yake Umuhoza juu ya maharagi. Juu ya maharagi, Carmel. Alirudi saa sita, akakuta hayajaiva. Na Umuhoza alikuwa ametoka shambani sasa hivi, chungu njo kilikuwa kinaanza kuchemuka.

Akapiga chungu teke. Maji ya moto yakamumwangikia Umuhoza ku miguu. Akamuongezea makofi mpaka damu ikatoka mu kinywa. "Bibi gani hawezi kupikia bwana yake?"

Mama mukwe wa Umuhoza, mama muzazi wa Edmond, alikuwa pale anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mama Geneviève, ule mwenye kufundishaka mabibi-arusi kanisani kama mwanamuke anavumilia.

Akasimama na muchi. Sisi majirani wote tuliwaza anaenda kumukemea Umuhoza.

Alimupiga mutoto wake, Carmel. Na ule muchi. Goti lilivunjika, nilisikia. Edmond akaanguka mu maharagi: "Mama, unaniua."

Akamupiga tena. Kisha akasema polepole: "Hii ya pili ni ya baba yako. Nimeibeba miaka makumi tatu."