Swichi Yenye Kiherehere

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute umekaa vizuri, na lile goti limepunguza ukaidi. Sisi huku wazima, kazi inasonga. Najua umesikia kwamba nimegombana na baba mkwe. Ni kweli, lakini aliyekuletea habari alileta kichwa tu, mkia akauacha huku.

Karakana yake ya useremala, kama unavyojua, ipo ubavuni mwa nyumba. Mkaguzi wa umeme alipokuja, alitazama drili, grainda na randa ya umeme, akatikisa kichwa. Plagi zilikuwa zimeng'olewa jino la tatu ili ziingie kwenye soketi za zamani. Nyaya zimeungwa kwa tepu na kukanyagwa kama mikeka. Akasema mashine ya chuma isiyo na waya wa kwenda ardhini ni nyoka mfukoni, na kazi isimame mpaka tufuate kanuni.

Fundi umeme wa nyumba ni mimi, basi ikaniangukia. Nikabadilisha soketi na plagi, nikaweka nyaya nene zisizo na kiungo na zenye waya wa ardhini, kisha kwenye ubao mkuu nikafunga swichi inayokata umeme mara tu unapovuja, ilinde karakana na nyumba pia.

Mkaguzi akaridhika. Baba mkwe, wapi! Kila akichomeka randa yake kuukuu, swichi inakata. Akasema kiswichi hicho kina kiherehere, nikitoe. Nikamweleza kwa adabu kwamba inayovuja ni randa, aniachie niifungue. Akajibu kwamba ameishika tangu mume wangu anatambaa, na haijawahi kumkosea heshima. Nilipokataa mbele ya mafundi wake, akanuna. Tukiwa meza moja, alimwagiza mume wangu aniambie nimpitishie chumvi.

Kisha mvua ikanyesha. Baba mkwe akaling'oa jino la tatu la plagi, lile la waya wa ardhini, akaichomeka randa kwenye soketi ya barazani. Ikanguruma, maana bila jino hilo umeme unaovuja haukuwa na pa kupitia, swichi isijue. Yeye alikuwa na buti za mpira, hakuhisi kitu. Akaiweka chini bila kuichomoa, akaenda kutafuta mbao. Mama mkwe akaja kupiga deki, miguu mitupu, sakafu imelowa. Akaishika randa aisogeze.

Tulisikia ukelele, kisha *tak!* Nyumba nzima ikazimika. Tulimkuta amesimama anatetemeka, mkono kifuani, akiuliza nani amemng'ata.

Baba mkwe alimshika mabega, asimwachie. Halafu akaibeba randa kwa mikono miwili, akaniletea.

"Mwanangu," akasema, "ifungue."

Ndani tukakuta waya umechubuka ganda, umelalia chuma. Kesho yake baba mkwe akawatangazia mafundi kwamba mashine isiyopita mikononi mwangu haichomekwi, hata iwe yake.

Sasa, Mama, nikwambie nililolificha hata kwa mume wangu. Siku ile ya mvua nilikuwa nimeshafunga begi nirudi kwako. Nilichoka kuwa mgeni kwenye nyumba ninayoiwasha taa. Ukelele ule ulinikuta nimeshika kitasa cha mlango. Begi nimelifungua, nguo zimerudi kabatini. Usinitandikie kitanda, nitakuja kukutembelea tu, kama mtu mwenye kwake.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama mkwe anakupungia, kwa mkono uleule.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako