Mjomba, Roboti Anachosha

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepona. Sisi hatujambo, mama anakusalimu.

Jumapili tuliangalia ile tamthilia unayoiandikia runinga, sehemu nzima mpaka mwisho. Yule roboti anayeimba jikoni mwa chombo cha anga ananichekesha sana, usimwondoe. Na pale yule mama nahodha anapowarekodia wanawe ujumbe, akijua utawafikia wakishakuwa wazee, napo pazuri.

Mpwa wako

21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua bado kinasumbua kidogo, lakini kazi inaenda. Hapa ofisini wapo wanaotaka roboti apunguzwe. Nimewaambia, "Nina mtazamaji mmoja kwa dada yangu, msomaji wa vitabu, hasemi ovyo. Kama yeye anacheka, roboti habanduki!" Nimemwongezea nyimbo. Ili zipate nafasi, nimekata ujumbe wa nahodha.

Masomo vipi?

Mjomba wako

6 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili tu. Kituo kimeifuta tamthilia, watazamaji wametukimbia. Zimebaki sehemu tatu za kurekodi, na wakubwa hawaji tena hata kuchungulia.

Nilimpigia mama yako kumpa habari. Akasema, "Heri! Roboti akianza kuimba, mwanangu anakimbilia kuosha vyombo. Na unavyomjua alivyo mvivu wa vyombo!"

Nilicheka. Kisha nikaisoma tena barua yako ya Februari. Roboti huyo nilimtetea kwa maneno yako. Safari hii niambie kweli, kabla sijaandika hizi tatu.

Mjomba wako

14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi. Nisamehe. Uliniimbia nyimbo za roboti kwenye simu, ukafurahi mno, nikaona haya. Nilidhani nakutunza.

Mjomba, roboti anachosha. Vile vita vya angani navyo havieleweki, nani anampiga nani. Nilichokuwa nikisubiri kila Jumapili ni pale nahodha anapozungumza na wanawe. Ulipomkata, nilijua ni mimi niliyemkata.

Ningesema mapema, ungekuwa na kazi? Mama anasema nisijibebeshe ya watu wazima. Nimeshayabeba.

Mpwa wako

2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Kifua vipi? Hujanijibu tangu Mei, nikajua umenikasirikia. Hata hivyo nakuandikia, kwa sababu nimeziona zote tatu.

Roboti hakuimba hata mara moja. Nahodha alipopitiwa na usingizi katikati ya maneno, roboti alikaa kimya, akaacha kinasa sauti kiendelee ili wanawe wamsikie mama yao akipumua. Hapa nyumbani, mama hakusinzia kama kawaida yake. Alisema, "Ni kaka yangu huyuhuyu kaandika hivi?" akajifuta macho kwa kanga.

Shuleni, wale walionitania "mtoto wa roboti" wananiuliza itaendelea lini. Nawajibu haiendelei. Kila wanapoisifu nasikia vibaya, maana ingeweza kuwa hivi tangu mwanzo.

Mpwa wako

19 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikukasirika. Nilikuwa naandika, halafu nikawa naona aibu ya kukaa bure.

Kile chombo cha anga cha studioni kimevunjwa. Fundi seremala amechukua mbao. Mimi nimepata kibarua cha kuandika matangazo ya sabuni redioni. Nakutumia la kwanza: mume na mke wanagombana juu ya shati. Nililiandika nikicheka peke yangu kama mwehu, na bosi mpya atalisoma wiki ijayo. Uonaje?

Mjomba wako

23 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimelisoma tangazo, nikampa na mama, nikalisoma tena nikitafuta pa kusifu.

Si zuri. Wanagombana mno hata sabuni haisikiki, na yule mke anatukanwa bila kosa, nikamhurumia badala ya kucheka. Mstari mmoja tu umenishika, pale mume anaponusa kola na kunyamaza. Anzia hapo.

Mama ananihimiza niweke neno la kukufariji kabla ya kufunga bahasha. Nimelitafuta nimelikosa. Naipeleka posta sasa hivi, kabla sijairudia na kuilainisha.

Mpwa wako akupendaye