Vikwembe Vilivyobaki Duane

Mujukuu wangu Espérance,

Hapa Shari tunaamka salama, na mahindi yameota vizuri. Mdogo wako Neema ananiandikia maneno haya akitoka masomo.

Umeuliza kama ununue huko Ulaya vikwembe vya ndoa ya dada yako, kwa kuwa bei imeshuka.

Dada yangu alipoolewa, shangazi yetu alivinunua huko huko. Wamama wa familia na majirani walikuwa wamekwisha kumlipa mama yangu, kila mmoja sehemu yake, ili wote wavae namna moja. Mzigo ulipofika mpakani, watu wa duane wakadai ushuru ambao hatukuuwaza. Mama hakuwa nao. Aliona haya kuwarudia wamama mara ya pili, akanyamaza, akitumaini.

Siku ya ndoa vikwembe vilikuwa bado mpakani. Wamama wakaja kila mmoja na nguo yake, na mama akajificha jikoni.

Jirani yetu Mama Vero akamkuta kwenye moshi. “Weye, ulifikiri siye tuko watoto? Ungesema tu, tungeongeza! Toka huku, hata sufuria zimekuchoka!”

Mama akacheka huku akilia, akatoka. Lakini bibi arusi alikuwa amekwisha kwenda kanisani bila mama yake.

Mpaka leo ninamsikitikia mama. Basi uliza duane kwanza, mujukuu wangu, kisha utuambie bei yote. Ikizidi, tutavaa vya soko la hapa. Tumezoea kusikia bei mbaya, na hakuna atakayekukasirikia.

Ni mimi koko yako, kwa mkono wa Neema.