Goti Lisilouma

Korovatu, Vanua Levu
Jumatatu baada ya harusi

Kwako binamu yangu Sekove, mwenye pua kama gimbi lililochimbwa kabla ya wakati,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo huko Australia kwenye kuchuma machungwa? Wenzako wanakuvumilia? Sisi wazima, ila nguruwe wamepungua, maana Unaisi wetu ameolewa, na mimi baba yake nilikaa mkekani, miguu nimekunja, tangu makofi ya kwanza hadi bakuli la mwisho la kava, kinywaji chetu cha mizizi. Usicheke, mjinga wewe. Muda si mrefu uliopita nilikuwa siwezi.

Mkojo ulichoma kama pilipili, ukatoka kwa matone. Nikikaa, ni kama nimekalia kifuu chenye moto. Mzee Vilikesa, msemaji wa chifu, akawatangazia watu kikaoni kwamba Apakuki, yaani mimi, anainuka-inuka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikamjibu kuwa mwanaume aliyekanyaga Suva na Auckland hatulii. Wakacheka, mimi moyoni nalia. Baba wa bibi harusi akimbilie chooni jino la nyangumi, zawadi kuu ya wakwe, likiwa bado linatolewa hotuba? Aibu hiyo Unaisi angekwenda nayo hadi kwa wakwe. Kwa akili zangu za darasa la sita nikaacha kunywa maji. Ikazidi.

Zahanati nilikwenda. Lakini nesi ni Litiana, binti wa baba mdogo, na unajua kwetu dada hasemezwi hata habari ya chumvi, seuze mambo ya chini ya kiuno! Nikatazama sakafu, nikasema ni goti. Akanipa dawa ya kuchua. Nikachua goti lisilouma hadi likang'aa kama sahani.

Kisha homa ikanipiga, natetemeka chini ya mablanketi. Mke wangu Varanisese akanikokota, akamweleza Litiana kila kitu, mimi nimejibanza nje ya mlango. Litiana hakunisemesha. Alimwambia Varanisese amwambie mtu fulani kwamba goti halijawahi kumzuia mtu kukojoa. Varanisese akaniletea maneno hayo huku akijishika mbavu kwa kicheko. Siku hiyohiyo nikapelekwa hospitali ya Savusavu.

Daktari alipima mkojo na damu, halafu akavaa glavu. Hapo, binamu, majigambo yote ya Auckland yaliisha. Akaeleza kuwa tezi dume hukaa chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo, na yangu imevimba kwa vijidudu. Si saratani, akasema. Varanisese akauliza, macho kanitolea, kama nimeviokota kwa mwanamke mwingine. Daktari akasema hivi ni vijidudu vya kawaida vya mkojo, vinampata hata mchungaji. Akanipa vidonge vya wiki kadhaa, akaonya nisiache nikiona nafuu. Maji ninywe, kava nipunguze, na nikalie maji ya uvuguvugu. Nikawa nakaa kwenye beseni la kufulia kama chifu, watoto wananichungulia!

Siku ya harusi kava nilionja kwa heshima tu. Unaisi alipokuja kuniaga machozi yakimtoka, alinikuta palepale nilipoketi asubuhi. Vilikesa alikuwa ameshatoka kujisaidia.

Sasa nikufunulie. Sikukaa kuandika kwa sababu ya harusi. Mkeo Salote alimpigia simu Varanisese, akilia. Tumejua si kazi iliyokuzuia kuja, bali umeogopa kukaa ndani ya ndege, na chakula unakula umesimama kama farasi, unadai ni mgongo. Mgongo, Sekove! Hata kudanganya hujui.

Nenda hospitali kesho. Vidonge vyangu usiniombe, kuna uvimbe wa vijidudu na kuna usio wa vijidudu, wakupime wewe. Na huko nesi hata mmoja si dada yako. Mimi ningepata bahati hiyo, ningeingia naimba.

Msalimie Salote, mwambie asilie. Huku sote tunakuombea, hata Vilikesa, ingawa anasema ni kwa ajili ya kava utakayomnunulia ukija Krismasi.

Mimi binamu yako, mzuri kuliko wewe,
Apakuki