Koti la Buluu la Ondiek

Mpendwa Mzee Wepukhulu, naomba unishike mkono maana nimekwama. Mimi ni muuzaji wa omena, dagaa wa ziwani, hapa Usenge, na mume wangu Ondiek alikuwa mvuvi, ninasema "alikuwa" na papo hapo ninaona nimemkosea, kwa sababu mashua yao ilipinduliwa na mawimbi mwezi wa Machi, wenzake wawili wakaokolewa, wakasema walimwona akizama, lakini ziwa halijamrudisha mpaka leo. Mama mkwe anataka tuzike yago, lile tunda refu ambalo sisi Wajaluo huliweka kaburini badala ya mwili usiopatikana, na shemeji zangu wamekubali, wananingoja mimi tu, nami nimekataa, kwa sababu kuna mama mmoja mpiga ramli mjini Kisumu ambaye nilimwendea nikilia, nikamweleza yote, hata koti la buluu ambalo nilidhani Ondiek alitoka nalo, naye akarusha kauri zake mkekani akaniambia, "Mama, futa machozi. Huyu hajafa. Yuko ng'ambo, Uganda, na anakula samaki kuliko wewe!" Nilicheka, Mzee, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na siku hiyo nikapata usingizi. Shemeji yangu hunidhihaki, "Yaani huko Uganda amekosa hata simu ya kuazima?" nami humwambia anyamaze. Sasa majuzi fundi cherehani aliniletea lile koti, kumbe Ondiek alikuwa amempa atie zipu mpya, nikalificha chini ya kitanda, nikarudi kwa yule mama bila kumwambia kitu, akarusha kauri, akasema, "Namwona. Hana shida ya baridi, koti lake la buluu analo." Nikamlipa, nikapanda gari la kurudi Usenge. Mama mkwe ni mgonjwa, kila nikimpelekea uji ananiambia, "Nyathina, mtoto wangu, nizikie mwanangu kabla hamjanizika mimi." Nikikubali, si ni kama nimemwua Ondiek kwa mkono wangu? Ijumaa nimeahidi kurudi kwenye kauri. Niende?

Akello, Usenge

Binti yangu Akello,

Usiende. Na pole sana. Nimeanza na katazo kwa sababu Ijumaa haiko mbali.

Ulipolisukuma koti chini ya kitanda, ulikuwa unamficha nani? Ulikuwa unazilinda kauri zisiumbuke. Mtu anayeamini kweli angelitandaza koti hilo mkekani, akauliza, "Mama, na hili je?" Wewe hukuuliza, kwa kuwa jibu unalo. Yule mama hakumwona Ondiek. Alilipokea koti kutoka kinywani mwako, akakurudishia likiwa limepambwa.

Sikucheki. Ziwa limenyamaza, wenzake wamesema neno usilotaka kulisikia, na kauri peke yake ndizo zilizokuchekesha na kukulaza. Nani asingerudi? Wanaoniandikia kuhusu ramli si wajinga. Wamo walimu, wamo hata wazee wa kanisa. Mtu haendi huko kutafuta ukweli. Huenda kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemwambia, "Basi, yamekwisha."

Lakini hapo nakugombeza. Usingizi unaoupata wewe, mama mkwe ndiye anayeukosa. Yeye pia amefiwa, na umri wake hauna nafasi ya kungoja kama wako. Unampa uji na kumnyima kilio.

Kuzika yago si kuua. Lililotendeka lilitendeka ziwani, nawe hukuwamo. Tena, Ondiek akitokea mlangoni kesho, hakuna kaburi litakalomzuia: tunda litafukuliwa, nawe utakuwa na haki ya kumfokea mbele ya ndugu zake kwa kukosa simu ya kuazima.

Kwa hiyo Ijumaa usipande gari la Kisumu. Litoe koti chini ya kitanda, ulikung'ute vumbi, umpelekee mama mkwe. Usimweleze mengi, mpe alishike. Akilia, lia naye, kwa maana tangu Machi kila mmoja wenu amekuwa akilia peke yake. Kisha waambie shemeji zako wachimbe, na mchungaji wako aje aombe. Yule mama wa ramli usimtukane wala usiende kumuaga. Mwache tu.

Na siku yago litakapolazwa, livike koti hilo kwa mikono yako mwenyewe, uvute ile zipu mpya mpaka juu. Ondiek aliagiza itiwe kwa ajili ya baridi.

Mzee Wepukhulu