Neno la Mkubwa

Louisville, 9 Februari 2014

Aksanti, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tuko wazima. Salvatori anakohoa kidogo, na watoto wanakusalimia kwa Kiingereza, maana Kiswahili kinawashinda.

Mama mmoja anayesali nasi hapa Beechmont alinionyesha picha yako kwenye simu yake, ndani ya basi. Umesimama barabarani Glasgow pamoja na Wazungu, umeshika bendera nyekundu, mdomo wazi. Nilishuka kituo kisicho changu.

Ombi lako la hifadhi limekataliwa mara mbili. Umebaki na rufani moja. Mtu wa namna hiyo hukaa kimya, husali, humwachia wakili kazi. Umemsahau baba? Aliwasemea wafanyakazi wa shamba la kwinini kule nyumbani, jina lake likasomwa redioni, na wiki ile ile tukamzika. Mimi dada yako mkubwa nakuomba uache.

Yaya yako,
Josiane

Glasgow, 2 Machi 2014

Yaya mpendwa,

Salamu zimefika. Kifua kimepona, sasa ni nyumba inayougua, ukuta wote umeota ukungu. Mwambie shemeji anywe tangawizi.

Bon, usiogope. Tunachobeba ni karatasi tu. Mwezi wa tisa watu wa Scotland watapiga kura kama nchi yao ijitenge na Uingereza. Sisi ni kikundi cha wajamaa wa mtaa: wauguzi, wasio na kazi, na Fraser, dereva wa basi anayetuongoza. Tunapanda maghorofa ambayo wanasiasa hawapandi kwa sababu lifti zimekufa, tunaandikisha watu ambao maisha yao yote hawajapiga kura. Mimi mwenyewe siruhusiwi. Jirani yangu Dancan, Mkenya, anaruhusiwa, kwa kuwa Waingereza waliwatawala Wakenya. Ananitania: “Ungechagua mkoloni mzuri, bwana.”

Fraser analalamika: “Aksanti, jioni nzima nyumba tatu?” Lakini mtu akinifungulia, nitatajaje shida yangu nikiwa nimesimama mlangoni? Naingia, naketi, nakunywa chai, nauliza habari za wajukuu. Kuna mama mzee, Jessie, anayekatwa msaada wa kodi ya nyumba kwa sababu ana chumba kitupu, chumba cha mwanawe aliyefariki. Anasema atapiga Hapana. Kila wiki naenda, kila wiki napewa Hapana na biskuti.

Wenzangu wanasema nchi mpya italifunga gereza wanamoweka wageni kabla ya kuwapakia ndege. Donc, sasa unaelewa kwa nini nagonga milango.

Mdogo wako,
Aksanti

Columbus, 20 Julai 2014

Mdogo wangu,

Amani iwe kwako. Unakula vizuri? Usishangae anwani. Ghala la Louisville lilipunguza watu, nami nilikuwamo, tukahamia huku Columbus. Naogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Mgongo unauma, mengine Mungu anasaidia.

Nikueleze jambo. Mwenzangu Priscah aliuliza mkutanoni kwa nini tunapangiwa zamu mbili mfululizo. Bosi akamshukuru kwa swali zuri. Wiki iliyofuata jina lake halikuwa kwenye ratiba. Hakufukuzwa, hakuandikwa tu. Sisi wengine tuliinamisha vichwa, tukaendelea kuogesha.

Wenzako wakishindwa watarudi kulala kwao. Wewe utarudi wapi? Na mbona hunijibu kuhusu rufani?

Yaya yako,
Josiane

Glasgow, 21 Septemba 2014

Yaya,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima.

Tumeshindwa. Glasgow ilisema Ndiyo, nchi ikasema Hapana. Asubuhi ile hakuna aliyetaka kukunja meza yetu ya barabarani. Tuliizunguka kama watu waliokosa basi. Jessie alishuka ngazi zote peke yake, akanivuta kando. “Niliweka Ndiyo, mwanangu,” akasema. “Usimwambie mtu, watanicheka.” Nilicheka mpaka nikalia.

Rufani ilikataliwa Agosti. Sikutaka ujue kabla ya kura. Sasa kila wiki lazima niende kusaini ofisi ya uhamiaji, na siku yoyote wanaweza kunizuia humo humo. Wenzangu husimama nje mpaka nitoke. Jana Fraser alisimama kwenye mvua, bado amevaa sare ya kazi.

Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Aksanti

Kizuizini, 12 Februari 2015

Yaya,

Nyumbani hawajambo? Nakula, nalala kidogo.

Niliingia kusaini, Fraser akangoja nje mpaka wakafunga ofisi. Niko katika lile gereza nililokuandikia. Mwisho wa mwezi nitapandishwa ndege ya Kinshasa.

Donc, soma hili polepole. Wenzangu wanataka kutoa jina langu na picha yangu magazetini, wasimame uwanja wa ndege, walipigie simu shirika la ndege mpaka likatae kunibeba. Wanasema wengine waliokolewa hivyo. Nikawaambia nina mkubwa wangu. Jina hili ni la baba, kulitoa hadharani si uamuzi wangu peke yangu. Walishangaa. Fraser akauliza, “Una miaka thelathini na moja, unaomba ruhusa?” Nikamwambia ndiyo, na atakuandikia.

Ukiniuliza mimi, wapige kelele. Lakini neno ni lako.

Mdogo wako,
Aksanti

Columbus, 14 Februari 2015

Aksanti mpendwa wangu,

Bwana akutie nguvu. Salvatori na watoto wamefunga na kusali pamoja nami kwa ajili yako.

Fraser ameniandikia, nami nimemjibu: hapana. Magazeti ya huko yanasomwa Kinshasa pia. Watu wa serikali wakiliona jina, watakungoja uwanja wa ndege. Ukishuka kimya utakuwa abiria kama wengine, na mjomba Sylveri atakupokea. Ninajua kelele ilitupatia nini.

Nimekuagiza hivi kwa sababu nakupenda. Tii.

Yaya yako,
Josiane

Buffalo, 8 Novemba 2015

Mdogo wangu Aksanti,

Nakusalimu popote ulipo. Kifua kinakusumbua? Tumehamia Buffalo, Lower West Side. Salvatori amepata kazi kiwandani huko Tonawanda. Barua zangu nne hukuzijibu, hata hivyo naandika kwenye anwani hii hii ya barua pepe.

Fraser aliniambia ulipanda ndege katikati ya maafisa wawili, na abiria hawakugeuka. Mjomba Sylveri alisimama uwanjani Kinshasa mpaka wafagiaji wakaingia. Hukutoka. Amekwenda kwenye ofisi zote za serikali, kila mahali anajibiwa kwamba hakuna anayelijua jina hilo. Hakuna anayelijua. Ndivyo nilivyotaka.

Wiki hii kina mama wa kanisa walikuja, Laurentine mbele. Waliketi, wakanywa chai, wakauliza habari za watoto. Wanaona miezi imekuwa mingi, kwamba tukae kilio Jumamosi, watu wapike, tuimbe, moyo wangu upumzike. Mchungaji amekubali. Salvatori naye, nadhani, amechoka kunisikia nikiamka. Lakini kilio hakifunguliwi mpaka mkubwa wa familia atamke kwamba mtu wake amekufa.

Wote walinitazama mimi. Laurentine akanishika goti: “Sema tu, mama. Neno moja.”

Niliinuka nikawafungulia mlango waende. Jumamosi watarudi na masufuria yao, na watakaa, na watanitazama tena.

Aksanti, safari hii sitasema kwa niaba yako.

Yaya yako,
Josiane